Mnavu, mboga ya masika: Itazame kabla hujaitia chunguni

Mvua za masika zinapoteremka juu ya milima ya Usambara, ardhi haimngoji mkulima. Kabla mahindi hayajafika magotini, kandokando ya matuta na nyuma ya majiko huchomoza mboga ambazo hakuna aliyezipanda: mchunga, mgagani, mchicha wa porini, na mnavu. Hiyo ni riziki isiyo na bei. Mama mwenye kikapu na asubuhi moja ya nafasi hurejea nyumbani na mboga ya familia nzima bila ya kufungua mkoba. Katika miezi ambayo ghala la mwaka jana limekwisha na mavuno ya mwaka huu hayajafika, mboga hizo ndizo zinazokipa chakula cha jioni ladha na nguvu.

Hata hivyo, riziki hiyo ina sharti lake. Anayenunua mboga sokoni huegemea elimu ya muuzaji. Anayeichuma porini hana wa kumwegemea ila macho yake mwenyewe na yale aliyofundishwa na waliomtangulia. Na hapo ndipo penye tatizo la zama zetu.

Masika ya mwaka mmoja, binti wa kaka yangu, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, alikwenda likizo kwa bibi yake karibu na Lushoto. Jioni ya pili alipewa kikapu akachume mnavu shambani. Alirejea baada ya nusu saa, kikapu kimefurika, uso umejaa furaha. Maji yalikuwa yamekwisha kuchemka mekoni. Lakini bibi hakuyatia majani yale chunguni. Alivuta kigoda, akaimwaga mboga yote juu ya ungo, akaanza kuipitia kidogo kidogo kama mtu anayechagua mawe katika mchele. Mara akatoa miche mitatu, akaiweka kando. Akalifikicha jani moja kati ya vidole vyake, akalipeleka puani kwa mjukuu.

“Harufu gani hiyo, mke mwenzangu?”

“Inachefua, bibi. Kama kitu kilichooza.”

“Basi huu si mnavu. Huu ni mnanaha. Kama tungeula usiku huu, kesho tungepambazukiwa hospitali, kama si kwingine.”

Kwa kuwa majani mengi yalikwisha kukatika na kuchanganyika, bibi hakutaka kubahatisha. Kikapu kizima kilimwagwa shimoni na kufukiwa, mbuzi wasije wakala. Usiku ule tulikula ugali kwa maziwa ya mgando. Hakuna aliyemgombeza mtoto, kwani kosa halikuwa lake: alitumwa kuchuma kitu ambacho hajapata kuonyeshwa. Asubuhi iliyofuata bibi alimshika mkono, wakaenda shambani pamoja. Mengi ya yanayofuata hapa ni somo la asubuhi ile.

Kukitazama chakula

Katika Surat Abasa, kuanzia aya ya 24, mwanadamu anaelekezwa akitazame chakula chake: namna maji yalivyomiminwa kutoka juu, namna ardhi ilivyopasuliwa, kisha zikaota nafaka, zabibu, mboga, mizaituni na mitende. Ni mwito wa kuzingatia neema na kumjua Aliyeineemesha. Lakini kwa mtu aliyeinama shambani na kikapu mkononi, mazingatio hayo huanza na jicho lenyewe. Hawezi kushukuru kwa jani asilolijua, wala hawezi kuwalisha wanawe kwa kudhani.

Fiqhi nayo haiko mbali na jambo hili. Wanazuoni wameweka kanuni kwamba asili ya mimea ya ardhi ni kuwa halali, isipokuwa ile yenye kudhuru au kulevya. Kwa hiyo, mtu anayeuliza kama mboga fulani ya porini inafaa kuliwa hana budi kujibu swali la awali: je, ni mmea gani huu? Hukumu ya mnavu si hukumu ya mnanaha, japokuwa yote miwili imeota katika tuta moja na kunyweshwa na mvua moja.

Waislamu wa kale waliitukuza sana elimu hii. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Malaga katika Andalusia, alisafiri Afrika ya Kaskazini hadi nchi za Sham akiichunguza mimea palepale inapoota, na akaacha kitabu kikubwa kinachoeleza dawa na vyakula kwa mpangilio wa alfabeti. Alifariki Damascus mwaka 1248. Hakutosheka na kunakili maneno ya waliomtangulia; alikwenda kutazama. Mnavu nao una jina lake katika Kiarabu tangu kale: inab al-tha‘lab, yaani zabibu za mbweha, kwa sababu ya vitunda vyake vyeusi vinavyoning’inia kama kichala kidogo. Bibi wa Lushoto hajasoma kitabu cha Ibn al-Baytar, lakini anapolifikicha jani na kulinusa, anafuata njia ileile.

Alama tano za mnavu

Mnavu si mmea mmoja tu, bali ni kikundi cha mimea ya karibu sana, ya jenasi iitwayo Solanum. Ipo inayozaa matunda meusi au ya zambarau iliyokoza, na ipo inayozaa matunda ya rangi ya chungwa. Ipo yenye majani madogo inayoota yenyewe, na ipo yenye majani mapana inayolimwa bustanini. Pamoja na tofauti hizo, ziko alama tano zinazoikusanya, na bibi alimtaka mjukuu wake azihesabu kwa vidole.

Alama ya kwanza ni shina. Mnavu ni mmea wa msimu, laini, usiokuwa na miti ndani yake kama kichaka. Kimo chake mara nyingi ni kati ya goti na kiuno, nao hutawanya matawi. Shina lake halina miiba. Ukigusa ukachomwa, acha. Huo si mnavu wa kula.

Alama ya pili ni jani. Majani hupokezana juu ya shina, moja huku na moja kule. Umbo lake ni kama yai lililochongoka nchani, na ukingo wake ni laini au unapinda kama wimbi dogo. Baadhi huwa na meno machache butu, lakini hayakatiki kwa kina wala hayana ncha kali.

Alama ya tatu, na ndiyo yenye kuaminika zaidi, ni ua. Ua la mnavu ni dogo, halizidi ukucha. Lina petali tano nyeupe zilizofunguka kama nyota, na katikati yake kimechomoza kinundu cha manjano. Maua hayo hukaa kwa kikundi, yakiwa yameinama, juu ya kikonyo kimoja. Tazama pia kikonyo chenyewe kinakotokea: hutoka ubavuni mwa shina, mahali palipo wazi kati ya jani na jani.

Alama ya nne ni tunda. Ni la mviringo, laini, lisilo na unyoya wala mwiba, kubwa kuliko punje ya pilipili manga na kwa kawaida halizidi njegere. Matunda hukaa kwa kikundi kama maua yalivyokaa. Yakiwa mabichi ni ya kijani, na yakiiva hubadilika rangi na kuwa na majimaji yenye mbegu nyingi ndogo.

Alama ya tano ni harufu. Fikicha jani: mnavu hutoa harufu hafifu ya mboga mbichi. Hauchefui.

Alama moja pekee haitoshi. Bibi alisema kuwa shahidi mmoja hasimamishi kesi. Alitaka mashahidi watano wakubaliane. Kwa anayeanza kujifunza, kanuni salama ni hii: asichume mmea ambao bado haujatoa ua. Achague shina moja lililo karibu na nyumba, alipitie kila baada ya siku chache tangu likiwa changa mpaka lichanue na kuzaa, ndipo macho yake yatakapozoea sura ya mnavu katika umri wake wote.

Jirani mwenye sumu

Mnanaha, ambao wengine huuita mranaha, ni wa ukoo mmoja na mnavu. Ukoo huo ni mpana mno: ndani yake mna nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, na hata tumbaku. Kama ilivyo katika koo za wanadamu, undugu hauthibitishi tabia.

Ukiwa umekomaa, mnanaha haufichiki. Majani yake ni mapana, na ukingo wake umekatika katika meno makubwa yenye ncha. Ua lake hukaa peke yake, ni refu kama kidole, limesimama na kufunguka mfano wa tarumbeta, jeupe au lenye zambarau. Tunda lake ni kama yai dogo lililojaa miiba. Likikauka hupasuka sehemu nne na kumwaga mbegu bapa zenye rangi nyeusi au kahawia.

Hatari iko katika utoto wake. Mche mchanga wa mnanaha una majani ya mviringo yaliyochongoka, ambayo meno yake bado hayajajitokeza sawasawa, na mtu mwenye haraka huyachanganya na mnavu au mchicha. Zitazame sehemu mbili. Kwanza, majani mawili ya mwanzo kabisa, yale yanayotoka na mbegu: kwa mnanaha ni marefu na membamba, na mara nyingi yangali yamebaki chini ya mche. Pili, harufu: jani la mnanaha likifikichwa hutoa harufu nzito ya kuchefua. Baada ya kulifikicha, usijiguse macho mpaka umenawa mikono kwa sabuni.

Sumu ya mnanaha haiondoki kwa kuchemshwa. Kemikali zake, atropini na skopolamini, huvumilia moto wa jikoni, na zimo katika jani, ua, mzizi, na hasa mbegu. Mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mamia ya watu waliugua na baadhi walifariki dunia baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Uchunguzi ulikuta ndani yake kemikali za aina hiyo. Mbegu chache zinazovunwa pamoja na nafaka bila ya kuonekana zinatosha kuleta msiba. Kwa hiyo onyo hili haliwahusu wachumaji wa mboga peke yao, bali pia wanaopepeta mtama, mahindi na maharage.

Jamaa mwingine wa kujihadhari naye ni mtunguja, ambao tunda lake wengi huliita ndulele. Huu ni rahisi kuutambua: majani yake yana vinyweleo vya kijivu, shina lina miiba, na matunda yake yakiiva huwa ya manjano. Matunda yake yana sumu, na watoto wanaoyachezea wafundishwe mapema kutoyatia mdomoni.

Jina peke yake halitoshi

Katika somo hili liko jambo linalowahusu hasa vijana wanaotafuta kila kitu kwa jina kwenye simu. Lugha yetu ina nanaa, jani lenye harufu nzuri tunalolitia katika chai, na mmea wake huitwa mnanaa. Herufi moja tu inautenga na mnanaha. Mtu akisikia vibaya, au akiandikiwa vibaya, anaweza kuagizwa dawa ya tumbo akaleta sumu.

Kadhalika, katika Kiingereza mnavu umepewa jina linalokaribiana na la mmea mwingine wa Ulaya, belladona, ambao sumu yake ni maarufu. Kwa sababu hiyo, msomaji anayelitafuta jina hilo anaweza kukuta mnavu umetajwa kuwa ni sumu ya kuua, akaiacha mboga iliyowalea bibi zake. Belladona hauoti wenyewe katika mashamba yetu. Nao maua yake ni kama kengele ya zambarau iliyofifia, na kila tunda hukaa peke yake. Mtu aliyefundishwa kutazama hatishwi na jina, wala jina halimdanganyi.

Adabu za kuchuma

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba maji, malisho na moto ni katika vitu ambavyo watu hushirikiana. Hata hivyo, mnavu ulioota ndani ya shamba la mtu una mlango wake nao ni kuomba ruhusa. Neno moja la “hodi” humtoa mchumaji katika shubha, na mara nyingi mwenye shamba hufurahi kupunguziwa magugu.

Mahali pa kuchumia nako ni pa kuchaguliwa. Tusichume kando ya mifereji ya maji machafu, jalalani, karibu na vyoo, wala ukingoni mwa barabara zenye magari mengi. Tusichume katika shamba lililopuliziwa dawa ya magugu au ya wadudu. Ndiyo faida nyingine ya kumuuliza mwenye shamba kwanza. Mmea ni halali, lakini uchafu na sumu iliyoushika si halali kulishwa familia.

Chuma ncha changa na majani laini kwa vidole, usiung’oe mmea. Mnavu unaokatwa ncha huchipua matawi mapya ubavuni, na baada ya wiki moja au mbili utakuwa na mboga tena. Acha baadhi ya mashina yazae na kuiva, ndege nao wapate fungu lao na mbegu zirudi ardhini. Na kila shina lipite jichoni kabla ya kuingia kikapuni: kuchuma kwa kiganja kizima kizima, kama mtu anayekata majani ya ng’ombe, ndiko kulikouingiza mnanaha katika kikapu cha mtoto wetu.

Jikoni

Mnavu una uchungu wake, na kuupika ni kuujua uchungu huo kiasi cha kuupunguza bila ya kuumaliza. Kwa familia ya watu watano au sita, tayarisha nusu kilo ya majani yaliyochambuliwa, nazi moja, kitunguu maji kimoja kikubwa, nyanya mbili zilizoiva, vijiko viwili vya mafuta, chumvi, na ndimu moja.

Anza kwa kuchambua juu ya ungo, mahali penye mwanga. Bakisha majani na ncha laini. Ondoa vikonyo vigumu, maua na matunda. Matunda mabichi hasa yasiingie chunguni hata moja, kwani yana solanini, sumu ileile inayopatikana katika kiazi mviringo kilichogeuka kijani. Hapa ndipo uchunguzi wa pili unapofanyika: jani lolote linalokutia shaka, litupe. Kisha osha majani mara tatu katika maji safi, ukiyainua kutoka majini ili mchanga ubaki chini. Osha kwanza, kata baadaye, ili virutubisho visiondoke na maji.

Chemsha maji kwanza. Yakitokota, tia majani na chumvi kidogo, uyaache kwa dakika kumi bila ya kufunika sana. Yachuje na uyamwage maji hayo; ndiyo yaliyobeba uchungu mwingi. Mnavu hauliwi mbichi, wala haufai kuwa kachumbari.

Wakati huo kuna nazi kwa mbuzi, uchuje tui zito uliweke kando, kisha uchuje tui jepesi. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia nyanya na uzipondeponde mpaka ziive na mafuta yajitenge. Mimina tui jepesi, likianza kuchemka tia mnavu, punguza moto, uache uchemke kwa dakika kumi nyingine. Mwisho mimina tui zito na ukoroge polepole kuelekea upande mmoja mpaka lichemke mara moja tu, lisije likakatika. Onja chumvi, ipua.

Mboga hii ni rafiki wa ugali wa mahindi na, kwa watu wa Tanga, wa bada la muhogo. Kwenye futari ya Ramadhani inakaa vizuri pembeni ya muhogo au magimbi ya nazi. Asiyekuwa na nazi atumie karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Katika nyanda za juu za Kenya hupenda kuutia maziwa na kuulaza usiku kucha, na wenyewe husema kuwa siku ya pili huwa mtamu zaidi. Ukifanya hivyo, uhifadhi mahali penye baridi na uuchemshe tena vizuri kabla ya kuula. Kwa watoto wasiopenda uchungu, changanya sehemu moja ya mnavu na sehemu mbili za mchicha, kisha uongeze mnavu kidogo kidogo kadiri wanavyozoea.

Mboga hii ina madini ya chuma na chokaa, vitamini C, na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri, kamua ndimu juu ya mboga ikiwa tayari sahanini, na uchelewesho wa chai baada ya chakula uwe saa moja au zaidi, kwa kuwa chai huzuia madini hayo. Epuka kutia magadi mengi ili kulainisha majani. Hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini.

Ikitokea ajali

Aliyekula mnanaha hukaukwa na kinywa, mboni za macho zikapanuka, akaona kwa ukungu. Moyo humwenda mbio, ngozi hupata joto na wekundu, haja ndogo huwa ngumu. Kisha huanza kuweweseka, kuzungumza na wasiokuwepo na kushika visivyoonekana. Katika baadhi ya nyumba dalili hizo hudhaniwa kuwa ni mashetani, na saa za thamani hupotea kwa kutafuta wa kumpunga.

Dua ni silaha ya muumini, na isomwe. Lakini isomwe njiani kuelekea hospitali. Mgonjwa asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa au mafuta. Chukueni mabaki ya mboga iliyopikwa na, ikiwezekana, shina la mmea uliochumwa, mkamwonyeshe daktari. Wote waliokula chungu kimoja waende pamoja, hata wale ambao bado hawajahisi kitu.

Kuupanda nyumbani

Ambaye hana hakika na macho yake anayo njia nyingine nayo ni kuupanda mnavu mwenyewe. Katika maduka ya pembejeo nchini Tanzania zimepata kuuzwa mbegu za aina zilizoboreshwa huko Arusha, kama Nduruma na Olevolosi, zenye majani mapana na uchungu mdogo. Aliye na mnavu anaoujua anaweza pia kuyaponda matunda yaliyoiva ndani ya maji, akayaacha siku moja, akazisafisha mbegu zinazozama na kuzianika kivulini. Kwa kuwa ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu kabla ya kuzisia. Miche ikifikia urefu wa kidole, ihamishie kitaluni au katika ndoo iliyotobolewa chini na kujazwa udongo wenye samadi. Baada ya wiki chache utaanza kuchuma ncha. Na Mtume (s.a.w.) ametubashiria kuwa Muislamu anayepanda mmea, kisha akala kwao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Ila bustani ya ndoo haiondoi haja ya somo la shambani. Elimu ya mboga za porini haikuandikwa na wazee wetu. Waliiweka katika vidole, katika pua, katika matembezi ya asubuhi ya mtu mzima na mtoto. Kizazi kimoja kisipotembea pamoja na kinachokifuata, kinachobaki ni jina bila ya sura, na tumeona jina linavyoweza kumpotosha mtu. Hii ni amana, na amana hurejeshwa kwa wanaostahiki wakati mwenye kuibeba angali hai. Kwa hiyo masika haya, mzazi mwenye mama au bibi kijijini ampeleke mwanawe, wa kike na wa kiume, akashike jani kwa mkono wake.

Binti wa kaka yangu sasa ana nyumba yake Dar es Salaam, na ndoo nne za mnavu uani. Nilimtembelea karibuni nikamkuta anaandaa chakula cha mchana. Mboga ile aliipanda mwenyewe kwa mbegu alizopewa na bibi yake, na ndani ya ndoo zile hakuna uwezekano mkubwa wa kuota kitu kingine. Hata hivyo, kabla ya kuitia chunguni, alivuta kigoda, akaimwaga yote juu ya ungo, akamwita mwanawe wa miaka mitano akae kando yake, wakaanza kuipitia jani moja moja.

Wabillahi tawfiq.